Siagi Kwenye Ukingo wa Chombo

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mlango wa nyumba ya lama, kuhani wa Kibuddha wa kijiji, ulifunguka, akatoka mgeni Marit akiwa na skafu nyeupe ya baraka shingoni. Urken, kiongozi wa wageni, alitoka nyuma yake. Diki, aliyekuwa bombani akijaza ndoo ya zahanati, aliwaona wote wawili, kisha akaona jambo la tatu: kofia ya sufu ya kijivu, aliyomfumia Urken majira ya baridi yaliyopita, ilikuwa kichwani mwa Marit.

Ndoo ilijaa, ikafurika. Maji yakamwingia viatuni.

"Funga maji, binti," alisema Mama Kinzum, jirani aliyekuwa akisubiri zamu yake. "Au umeona mzimu?"

"Sijaona kitu, mama."

"Mimi nimeona. Nimeona kofia." Mama Kinzum alibakiwa na meno manne, na hakuna hata moja lililowahi kuzuia neno. "Mwanamume na mwanamke kwenda kwa lama alfajiri, tena wakatoka na skafu! Enzi zetu jambo hilo lilikuwa na jina."

"Labda ameenda kuombewa safari. Kesho wanavuka mpito wa mlima."

"Wageni wako wanane. Mbona saba bado wanakoroma?"

Diki alifunga bomba. Alichukua ndoo, akaondoka.

Yeye ndiye aliyekuwa muuguzi pekee wa Phulung, kijiji kilicho juu milimani. Hakuamini ndoto wala kunguru anayelia juu ya paa, aliamini kipimajoto. Kwa miaka sita sasa, kila mvua zilipokoma, Urken alikuwa akileta kundi la watu wa kujitolea. Siku sita walifanya kazi kijijini, siku saba walitembea kuvuka mpito wa theluji, kisha wakarudi makwao na picha. Mwaka huu walikuwa wakiijengea zahanati chumba cha kujifungulia. Wengi wao walibeba mawe kama watu wanaobeba mayai. Marit alikuwa tofauti. Kwao Norwei alikuwa mwashi wa mawe, na siku ya kwanza tu aliibomoa pembe ya kaskazini, akaijenga upya peke yake. Diki aliipima kwa timazi mara mbili akitafuta kosa. Ilikuwa wima. Hilo nalo lilimuuma, kwa sababu ni vigumu kumchukia mtu ambaye kazi yake haina kasoro.

Na jana mchana, akiwa ndani anapanga dawa, alimsikia Urken nje ya dirisha.

"Baba yako yu hai?"

"Yu hai," alijibu Marit.

"Na mama?"

"Naye pia. Kila asubuhi anaogelea ziwani, hata kwenye barafu."

"Ulizaliwa mwaka gani?"

Marit aliutaja. Urken akahesabu kwa vidole. Kisha Diki akasikia sauti aliyoijua vizuri, sauti ya Urken akiwa na furaha asiyotaka kuionyesha.

"Farasi! Mwaka wa Farasi. Vizuri sana. Kesho alfajiri twende kwa lama."

Phulung hakuna mtu anayemuuliza mwanamke maswali hayo matatu kwa mfuatano bila sababu. Posa huanzia hapo hapo: wazazi, mwaka wa kuzaliwa, halafu lama anafungua kalenda yake, ambayo kila mwaka una mnyama wake, aone kama miaka inapatana. Baada ya hapo hupelekwa chombo cha pombe ya chang, ukingo wake ukiwa na madonge matatu ya siagi, nyumbani kwa baba wa msichana. Baba akinywa, imekwisha. Asiponywa, imekwisha pia.

Diki alikuwa amekingoja chombo hicho kutoka kwa Urken miaka miwili. Baba yake, mzee Chhongba, alimpoteza mwanawe wa kwanza, Lhundup, kwenye mlima mkubwa akibeba mitungi ya oksijeni ya wapandaji, na tangu siku hiyo alikuwa na kauli moja: "Mlima umekula mwanangu. Sitaupa na mkwe." Urken aliacha kupanda. Alibaki kuongoza watu wa kujitolea kwenye njia za chini, akalipwa nusu ya alicholipwa zamani. Mzee hakutikisika. Sasa familia moja ya bondeni, yenye nyumba ya wageni ya vyumba kumi na viwili, ilikuwa imetuma salamu kwamba Jumamosi itakuja na chombo chake. Leo ilikuwa Alhamisi.

*

Saa moja asubuhi, wageni walipanga foleni zahanati kupimwa. Utaratibu ulikuwa wa Diki mwenyewe: anayekwenda kuvuka mpito lazima kifaa cha kidoleni kisome asilimia themanini na tano ya oksijeni kwenye damu au zaidi. Chini ya hapo mtu havuki, na hangoji. Anashuka siku hiyo hiyo. Miaka sita, Urken hakuwahi kuuliza swali juu ya daftari lile.

Marit alikuja wa mwisho. Alikuwa ametoka kumalizia kuziba nyufa za ukuta, akanawa udongo bombani. Maji ya bomba lile yalitoka moja kwa moja kwenye theluji. Alinyosha mkono, vidole vyake vikiwa na rangi ya buluu.

Diki alijua. Muuguzi yeyote anajua: kidole cha baridi kinadanganya kifaa. Mgonjwa hupewa kikombe cha chai akishike dakika tano, ndipo apimwe. Birika lilikuwa jikoni, linachemka.

Alitazama kofia ya kijivu. Mshono wa ukingoni ulikuwa na kosa moja, mahali alipopoteza hesabu usiku ule kwa sababu Urken alikuwa akimchekesha.

Akakibana kifaa kidoleni.

Themanini na mbili.

"Haiwezekani," alisema Marit. "Sina hata kichwa kinachouma."

"Kichwa hakiulizwi," alisema Diki, akaandika. Namba ilikuwa ya kweli. Kipimo kilikuwa cha uongo. "Utashuka leo. Gari la barabarani linaondoka saa saba."

Marit alimtazama kwa muda. Kisha akainama, akasaini mahali alipoonyeshwa. Urken alikuwa kwa mama yake, upande wa pili wa kijiji. Msaidizi wake ndiye aliyesoma daftari, akamfungia Marit mzigo na kumpa mpagazi. Saa mbili kasorobo walionekana wakishuka, wakiupita ukuta wa mawe ya sala.

Diki alirudi ndani, akapanga dawa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

*

Saa mbili na nusu Urken aliingia bila kubisha.

"Diki, Marit yuko wapi?"

"Ameshuka. Soma daftari, bwana kiongozi."

"Nimesoma. Themanini na mbili? Jana amebeba mawe kutwa nzima, tena anaimba!"

"Kifaa hakisikilizi nyimbo."

"Namhitaji leo. Leo, Diki, kabla ya saa sita!"

"Najua unamhitaji." Aliweka chupa mezani polepole, ili isivunjike. "Kijiji kizima kinajua. Mama Kinzum anajua. Lama anajua. Mimi tu ndiye niliyekuwa nimelala."

"Unajua nini wewe?"

"Baba yu hai, mama yu hai, mwaka wa Farasi. Au nimekosea mnyama?"

Urken alifanya jambo ambalo Diki hangemsamehe mwanamume mwingine yeyote: alicheka.

"Cheka," alisema Diki. "Miaka miwili nimemsubiri mtu. Watu wa vyumba kumi na viwili wanakuja keshokutwa, na mimi kila siku namwambia baba, ngoja, ngoja. Kumbe mwenyewe anahesabu farasi wa watu! Cheka, Urken. Na kofia yangu mkamvishe bibi harusi."

Kicheko kilikatika.

"Nikuulize kitu," alisema Urken. "Wewe ni mtu wa hesabu, nijibu kwa hesabu. Chombo cha posa kinabebwa na nani?"

"Kila mtu anajua. Mtu mwenye baba na mama, wote wawili hai."

"Nitajie mmoja, hapa Phulung."

"Wako wengi."

"Nitajie."

"Gyalbu."

"Yuko Katari, anaendesha kijiko cha kuchimba. Wa pili?"

"Ngima wa kinuni."

"Baba yake aliangukiwa na mti. Ulimshona wewe, hakupona."

"Lhamu."

"Mama yake Lhamu alikufa mwezi wa nne," Urken alisema kwa upole. "Wewe ndiye uliyemfumba macho."

Diki alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Alipita nyumba kwa nyumba kichwani, kutoka hekaluni hadi kinuni. Vijana wenye wazazi wawili walikuwa Kathmandu, Malesia, Katari. Waliobaki walikuwa wajane, yatima, na yeye mwenyewe asiye na mama.

"Mwezi uliopita mjomba wangu alikwenda kwa baba yako," Urken aliendelea. "Baba yako hakukataa. Alisema, 'Leteni chombo siku yoyote, mradi kibebwe na mtu mwenye baba na mama, na mwaka wake usigombane na mwaka wangu wa Mbwa.' Alijua hakuna mtu. Ametufungia mlango kwa komeo la mila, halafu akatabasamu. Nimewauliza wageni wote wanane, Diki. Watano wamefiwa. Mmoja hajui baba yake yuko nchi gani. Mmoja ni wa mwaka wa Joka, na Joka na Mbwa hawakai chumba kimoja. Nikabakiwa na mmoja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Msichana haambiwi siku. Ni mkosi, unajua. Lama amesema leo, kabla jua halijafika katikati. Siku njema inayofuata iko baada ya siku kumi na tisa."

Jumamosi ilikuwa baada ya siku mbili.

"Na kofia?"

"Alikuwa anatetemeka. Kwa lama hakuna moto."

"Ilikuwa yangu."

"Nilikuwa na hiyo moja tu kichwani."

"Ungemwacha atetemeke!" alisema Diki, na sauti yake ikamshtua mwenyewe.

Urken aligeuka kwenda mlangoni. "Basi. Kama ni themanini na mbili, siwezi kumrudisha juu. Sitamuua mtu kwa ajili ya harusi."

Hapo Diki angeweza kunyamaza. Daftari lilikuwa upande wake.

"Mikono yake ilikuwa baridi," alisema.

"Nini?"

"Alikuwa ametoka bombani. Vidole vya buluu. Birika lilikuwa linachemka pale, nami sikumpa chai."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Urken alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimtazama kama mtu anayepima jiwe alilolikanyaga miaka mingi na leo limetikisika.

"Ungenitukana," alisema. "Ungenipiga na ndoo mbele ya Mama Kinzum. Lakini daftari, Diki? Mimi navusha watu barafu kwa daftari hilo."

Diki alilivuta daftari. Hakufuta namba. Aliipiga mstari mmoja ili iendelee kusomeka, akaandika pembeni: *Vidole vya baridi. Kosa la mpimaji.* Akasaini jina lake kamili. Kisha akakitia kifaa mfukoni, akatoka mbio.

*

Njia ya kushuka hadi darajani ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu mwenye akili timamu. Diki alifika saa tatu na dakika ishirini, goti moja likivuja damu. Marit alikuwa nje ya kibanda cha chai, akisubiri mpagazi amalize viazi vyake, viganja vikiwa vimekumbatia glasi.

"Nipe kidole," alisema Diki akihema.

Kifaa kilisoma tisini na moja. Chake mwenyewe, alipojaribu, kilisoma themanini na nane.

"Wewe ndiye wa kushuka," alisema Marit.

"Nilikupima vibaya. Nilijua nakupima vibaya."

Marit aliweka glasi chini. "Kwa sababu ya Urken."

"Ndiyo."

"Alinambia nisimwambie mtu. Nikajua ni siri ya chombo. Sikujua kwamba siri ni wewe." Alitazama maji meupe chini ya daraja. "Nikwambie ukweli, kwa kuwa umekimbia hadi kutoka damu. Siku ya pili nilimpenda. Kidogo tu. Siku ya tano akaja ananiuliza, baba yako yu hai? Mama yu hai? Nikasema moyoni, haya, huyu anakwenda haraka, lakini kwao labda ndivyo. Sikulala. Kumbe anatafuta wa kumbebea pombe!"

Diki alimtazama. Kwa siku sita alikuwa akikusanya ushahidi juu ya mwanamke huyu, na jambo moja la kweli katika ushahidi wote hakuwa amelithibitisha hadi sasa.

"Una haki ya kukataa," alisema.

"Ninayo." Marit alisimama, akajifunga mkoba. "Je, kwenye nyumba ya baba yako, naingia kwa mguu gani? Urken alinifundisha, nimesahau."

"Wa kulia."

Marit alivua kofia ya kijivu, akamnyoshea. "Hii nadhani ni yako."

Mtu muungwana angesema, baki nayo. Diki aliipokea, akaitia kibindoni.

*

Saa tano na dakika thelathini na tano waliingia nyumbani kwa mzee Chhongba: mjomba wa Urken mbele, kisha Marit na chombo cha shaba, kisha Urken. Mama yake Urken, kwa kuwa ni mjane, alibaki uani. Diki alisimama karibu na jiko, mahali pa binti wa nyumba, soksi zimelowa. Chombo kilikuwa kimefungwa skafu, na ukingoni palikuwa na madonge matatu ya siagi. Kizingitini Marit alijikwaa. Urken akamshika kiwiko. Kilikuwa kitendo cha nukta moja. Diki alikihesabu.

Mzee alikuwa amekaa dirishani. Alimtazama mgeni kutoka viatu hadi nywele.

"Nini hiki?"

"Chombo, mzee wangu," alisema mjomba. "Kama ulivyoagiza."

"Niliagiza mtu."

"Huyu ni mtu."

"Baba yake?"

"Yu hai," alisema Marit kwa lugha yao, kama alivyofundishwa.

"Mama?"

"Yu hai. Anaogelea." Neno la mwisho hakufundishwa, alikuwa amemuuliza Diki njiani.

"Mwaka?"

"Farasi," alisema mjomba. "Farasi na Mbwa, hakuna ugomvi. Lama amefungua kalenda."

"Huyu si wa kwetu."

"Ulisema baba na mama, mzee. Hukusema wa wapi."

Kutoka uani Mama Kinzum, ambaye hakualikwa, alisikika akicheka. Mzee hakucheka.

"Mlima mkubwa," alimwambia Urken. "Wakija na pesa mara tatu, wakuambie mara moja tu, ya mwisho, utasema nini? Lhundup naye aliniambia ya mwisho."

"Najua, baba. Nilikuwa nyuma yake kwenye kamba." Urken hakuinua sauti. "Viatu vyangu vya barafu nimeviuza. Aliyevinunua yuko hapo chini, muulize."

Mzee alitazama nje ya dirisha. Jua lilikuwa limebakiza kiganja kimoja kufika kwenye boriti ya kati ya dirisha. Marit alikuwa bado amenyosha mikono, na chombo kilianza kutetemeka.

"Asubuhi nilikuwa juu ya paa, napanga mawe," mzee alisema hatimaye, si kwa mtu yeyote. "Nikamwona mtu anakimbia njia ya darajani. Nikasema, nani huyo mwendawazimu? Muuguzi wetu hakimbii. Mke wangu alipougua, alitembea. Lhundup alipoletwa, alitembea. Husema, anayekimbia anasahau nusu ya dawa." Akageuka. "Ulikuwa unakimbilia nini, Diki?"

Mila haikumtaka ajibu. Aligusa kibindo, akaisikia sufu.

"Nilifanya kosa kazini, baba. Kwa wivu. Nilikwenda kulirekebisha."

"Wivu wa huyu?" Mzee alimwonyesha Urken kwa kidevu, kama mtu anayeonyesha fahali mzee wa yaki sokoni.

"Wa huyo."

"Hm," alisema mzee.

Saa tano na dakika hamsini na mbili alinyosha mikono miwili, akakipokea chombo kutoka kwa Marit. Alichovya kidole cha pete, akarusha tone juu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akakiinua, akanywa, na hakukishusha upesi. Alipokirudisha mezani, ukingoni palikuwa na madonge mawili ya siagi. La tatu lilikuwa kwenye masharubu yake.